Pumzi ya Hatua Ishirini na Mbili

Wazee wa kijiji, Padre, ndugu wa bendi yetu na wa bendi za jirani mliopanda milima tangu jana ili muwe pamoja nasi, majirani, marafiki, na wewe mdogo wangu Rufino unayetusikiliza kutoka Los Angeles kupitia simu aliyoishika Amparo, tunawashukuru kwa kufika, na tunaomba walioketi kwenye viti vya bendi wavirudishe, kwa sababu tutavihitaji muda si mrefu. Mimi ni Otilia, binti mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya baba yetu. Kabla ya kufariki, yeye mwenyewe aliniwekea sharti moja kuhusu historia hii, nami nitalitimiza tukifika mahali pake, nikiwaomba tu mnisikilize hadi mwisho.

Marehemu Eutimio Chávez Illescas alizaliwa tarehe 18 Februari 1952, hapa San Mateo Yalube, katika nyumba hii hii ambayo jeneza lake liko mlangoni sasa, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa mzee Próculo Chávez na mama Epifania Illescas, ambao wote wametangulia. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alizaliwa kimya, mkunga akamchapa makofi mawili, na alipoanza kulia alilia kwa sauti moja ndefu isiyokatika, mpaka waliokuwa wakishangilia wakaanza kuingiwa na hofu. Sina ushahidi wa jambo hilo, ila bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi isipokuwa kwenye maharage.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1959 hadi mwaka 1963, alipoishia darasa la nne ili amsaidie babu kwenye kahawa, na mwaka huohuo akaandikishwa katika shule ya muziki ya kijiji, chini ya Maestro Apolinar Yescas, aliyemfanya, kama alivyowafanya wote, aimbe noti kwa mdomo mtupu kwa mwaka mzima kabla ya kugusa chombo chochote. Baba alitaka tarumbeta ndogo, ile inayong'aa na kupendwa na wasichana, lakini akapewa bombardino, lile tarumbeta nene linalokumbatiwa kifuani kama mtoto mgonjwa, kwa sababu mwenye nalo alikuwa amehamia mji mkuu na kuliacha. Alilia siku mbili, siku ya tatu akalisafisha, na kibonyeo mnachokiona pale mbele lilikuwa nacho tayari, kwa hiyo wanaosema nilikifanya mimi nikiwa mtoto naomba waache.

Kwa ajili ya wageni, naomba niseme kidogo kuhusu wimbo wa kizingiti, maana maisha ya baba yetu hayaelezeki bila wimbo huo. Hapa kwetu, mtu akifa, msalaba wa mbao huchomekwa hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni kwake, na kutoka mlango hadi msalaba marehemu husindikizwa na bombardino moja tu, bendi nyingine ikiwa imenyamaza. Bombardino la pili hukaa kando, likampa mwenzake noti ya kuanzia, kisha nalo hutakiwa kunyamaza. Wabebaji hutembea wakati sauti inasikika, na sauti ikikatika, hata kama mpigaji amepumua tu, wanaliweka jeneza chini, wanalirudisha mlangoni na kuanza upya, kwa maana kwetu marehemu hatoki nyumbani kwake vipande vipande.

Tarehe 9 Novemba 1971 Maestro Apolinar alifariki, na wimbo wa kizingiti ukaangukia kwa mwanafunzi wake, baba yetu, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Alifanya kosa ambalo kila mpigaji mchanga hulifanya, alivuta hewa nyingi kadiri alivyoweza, mabega yakapanda mpaka masikioni, kifua kikakaza kama ngoma, na kufikia hatua ya kumi na nne sauti ikakatika. Jeneza likawekwa chini, likarudishwa, na mara ya pili, kwa sababu ya woga, pumzi ikamwishia hatua ya kumi na moja. Hapo mjane wa Maestro, Doña Hilaria, ambaye wazee mnaukumbuka ulimi wake, aliuliza kutoka mlangoni, “Jamani, mume wangu mnamzika au mnampima uzito?” Mara ya tatu sauti haikukatika, ilienda moja kwa moja mpaka msalabani, na watu wakasema kwamba Maestro amemsaidia mwanafunzi wake kutoka ndani ya jeneza. Ndivyo ilivyosimuliwa tangu siku ile, nami ndivyo nilivyoisikia nikiwa mtoto.

Kuanzia mwaka 1974 hadi 1978 baba alifanya kazi katika kiwanda cha mikate huko mji mkuu, akikanda unga na kubeba magunia, na alipenda kusema kwamba pumzi alijifunzia kwenye magunia zaidi ya mahali pengine popote, kwa kuwa aligundua kwamba anayebeba huku amekaza kifua huchoka kabla ya anayebeba huku akitoa hewa polepole. Aliporudi kijijini alikuwa mtu mwingine. Alipanda kutoka mtoni kila siku akiwa na ndoo mbili, akitoa pumzi moja kwa hatua ishirini na mbili za mlima, alilala chali sakafuni na jiwe la kusagia mahindi juu ya tumbo, akilipandisha na kulishusha, na aliweka mshumaa mbele ya midomo yake akiupulizia mpaka mwali uiname na kukaa umeinama, bila kutikisika na bila kuzimika. Mama alisema alipoletwa kuonyeshwa kwa wakwe alimkuta mchumba wake yuko chini ya jiwe, akadhani ni ajali.

Wale waliopita mikononi mwake wanajua alivyofundisha. Alisema kwanza toa hewa yote, mpaka ile iliyochacha iliyojificha chini, kwa sababu aliyejaa hewa mbaya hana pa kuweka nzuri, kisha vuta chini, mpaka mkanda wako ukubane mgongoni, na usijaze mpaka shingoni, acha robo tupu ili koo lisikabwe. Alisema hewa haimalizwi na noti ndefu, inamalizwa na haraka ya noti ya kwanza, na mwanafunzi aliyepasua mwanzo wa wimbo aliambiwa, “Bwana mdogo, umekula chakula cha wiki nzima Jumatatu asubuhi.” Mimi pia niliambiwa hivyo, tena mbele ya watu, na nilikaa siku tatu bila kumsemesha, yeye akaniletea mkate na chokoleti ya moto kimyakimya na mazoezi yakaendelea.

Tarehe 12 Mei 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Zenaida Bautista, hapa hapa Yalube, na Mungu akawajalia watoto wanne, mimi Otilia mwaka 1980, Rufino mwaka 1983, Amparo mwaka 1986, na mdogo wetu Celso, aliyezaliwa mwaka 1990 na kuishi siku arobaini. Msimamizi wa ubatizo wa Rufino alikuwa Don Gaudencio Yescas, mpwa wa Maestro na mpigaji wa bombardino la pili, na tangu ubatizo huo yeye na baba wakaitana kompadre, wakawa wanapanda kahawa pamoja, wanachuma pamoja, na kwenye bendi viti vyao viligusana. Mwaka 1988 baba alifanikiwa kuupiga wimbo wa kizingiti wote kwa pumzi moja, nyuma ya zizi, mbele ya mbuzi na mama peke yake, ambaye alikuwa akihesabu hatua kwa kudondosha punje za mahindi kwenye bakuli, na punje ya ishirini na mbili ilipodondoka mama alimwambia, “Haya, sasa njoo ule.” Hakuweza kulirudia jambo hilo tena, ingawa alijaribu kwa miaka.

Mwaka 1995 alichaguliwa kuwa kiongozi wa bendi, akaitumikia nafasi hiyo hadi mwaka 2010, na katika kipindi hicho sifa za pumzi yake zilivuka milima, watu wakaja kutoka vijiji vya mbali kusikia mtu anayemtoa marehemu nyumbani bila kupumua. Hata mimi niliamini, na nilikuwa nikijigamba shuleni.

Sasa nimefika kwenye sikukuu ya San Mateo, tarehe 21 Septemba 2003, na wazee mnaoinamisha vichwa nawaona. Siku hiyo bendi ya wageni ilikuwa hapa, na mpigaji wao mmoja, akiwa na glasi ya mezcal mkononi, alimsifu baba kwa Don Gaudencio, akasema, “Huyu mtu wenu ana mapafu ya ng'ombe.” Don Gaudencio, ambaye naye glasi yake haikuwa ya kwanza, akamjibu, “Mapafu ni manne, bwana. Mawili yake, mawili yangu.” Watu wakacheka, na baba alikuwa nyuma yao. Baba akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Kompadre amelewa, hajui anachosema.” Don Gaudencio akasema, “Nimelewa, ndiyo. Ila ninachopuliza nakijua.” Kesho yake, watu wote wakiwa hawajanywa, bendi ilikutana, baba akaulizwa, na baba akarudia maneno yaleyale. Don Gaudencio alitakiwa kuomba radhi, akakataa, akasogeza kiti chake shubiri moja kutoka kwa kiti cha baba, na kuanzia wiki hiyo watoto wa kijiji hiki wakampa jina la Mapafu Manne, jina ambalo amelibeba kwa miaka ishirini sokoni, kanisani na kwenye mashamba.

Kwa miaka zaidi ya kumi watu hawa wawili hawakusemezana. Kahawa zao zilikuwa zinapakana, na kila mmoja alichuma akiangalia upande wake, na Rufino alipoondoka kwenda kaskazini mwaka 2006 aliagwa na baba yake asubuhi na msimamizi wake wa ubatizo mchana, ili wasikutane. Hata hivyo, kila palipokuwa na msiba, baba alipokwisha kulipasha moto bombardino lake, alimgeukia mpiga ngoma, Don Librado, na kumuuliza bila kutaja jina, “Yule mtu yupo?” Don Librado, ambaye wakati huo aliketi katikati yao kama ukuta wa nyumba mbili, alijibu, “Yupo, na anakusikia.” Ndipo baba alipoinua chombo. Sisi tulidhani anauliza ili ajue upande gani asiangalie.

Tarehe 6 Machi 2014 mama yetu alifariki, na ilipofika zamu ya kumtoa, baba aliketi na bombardino mapajani na midomo yake ikakataa kufunga, ikawa inatetemeka tu. Wabebaji walikuwa wamekwisha inama. Don Gaudencio alisimama, akakalia kiti cha kwanza bila kumwomba mtu ruhusa, akaniita mimi niliyekuwa kiti cha tatu cha bombardino na kuninong'oneza, “Otilia, hatua ya kumi na tatu ingia chini yangu na noti ileile, polepole kama mvuke. Nikirudi, toka. Usitake kusikika.” Nilifanya alivyosema, na katika hatua ya kumi na tatu nikamwona akivuta hewa kwa pembe za mdomo, sauti ikiwa bado inaendelea, na sauti hiyo ilikuwa yangu, na hakuna hata mtu mmoja uani aliyejua. Mama hakuwekwa chini. Nilimtazama baba, naye alikuwa ananitazama, nikaelewa kila kitu tangu mwaka 1971.

Baada ya mazishi yale walianza kusalimiana. Mmoja aliuliza, “Kahawa vipi?” na mwingine akajibu, “Inakua,” na kwa mwaka mzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote, lakini shubiri ile kati ya viti iliondoka, na Don Librado akarudi kwenye nafasi yake ya zamani. Jambo lenyewe halikutajwa, na jina la Mapafu Manne liliendelea.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika mwezi Oktoba 2021, miguu ikavimba, na madaktari wa mjini Oaxaca wakasema moyo umechoka na maji yanapanda kwenye mapafu. Alipopewa mrija wa kupimia pumzi daktari alimwambia apulize kwa nguvu, naye akamjibu, “Daktari, kwa nguvu ndiyo kuimaliza,” akapuliza kwa namna yake, taratibu, mpaka daktari akatazama saa, akawaita wenzake wawili waje waone mgonjwa wa moyo anayepuliza kuliko muuguzi. Mazishi ya mwisho aliyoyapigia yalikuwa ya Don Librado mwenyewe, tarehe 14 Juni 2022, na siku hiyo, kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuliza, aligeuka akamtazama Don Gaudencio usoni, na Don Gaudencio akaitikia kwa kichwa.

Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 29 Agosti 2023. Jumamosi aliniandikisha maneno ambayo sasa nitayasoma, akayatia sahihi kwa mkono wake, na hili ndilo sharti lake. “Nimepiga wimbo wa kizingiti mara mia tatu na kumi na nne. Mara zote hizo nilipumua katika hatua ya kumi na tatu, na kompadre wangu Gaudencio Yescas aliishika noti yangu mpaka niliporudi, kuanzia siku ya Maestro hadi siku ya Librado. Mwaka 2003 yeye alisema kweli, nami nikamwita mlevi mbele ya wageni. Niliona haya kupumua. Somo hili lisomwe kabla sijatolewa nyumbani, na asiyetaka kulisikia anisubiri makaburini.”

Don Gaudencio, familia ya Chávez inakuomba radhi mbele ya kijiji hiki. Juzi nilikuuliza kwa nini uliendelea kumshikia noti katika miaka yote ile ya kununiana, ukanijibu, “Sasa mwanangu, niache maiti wa watu chini kwa sababu baba yako ana kichwa kigumu?” Wapo hapa waliolianzisha jina la Mapafu Manne, wengine sasa wana mvi, na tunawaomba kwamba kuanzia leo atakayelitaja alitaje akiwa amevua kofia. Wala sifa za baba hazipungui kwa hili, alijifunza kuzisindikiza hatua kumi na mbili kwa sauti tulivu pale ambapo wengine hukaza kifua tangu hatua ya kwanza, na jiwe la kusagia lililalia tumbo lake kweli, na mbuzi walimsikia. Mimi nilimpenda nilipodhani hapumui, na nimempenda zaidi nilipojua anapumua.

Jumapili tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, alifumbua macho akanishika mkono, akauliza, “Yule mtu yupo?” Nilimjibu kwamba yuko njiani, na ilikuwa kweli, Don Gaudencio alikuwa amepanda lori tangu alfajiri, lakini udongo ulikuwa umeporomokea barabara kule mtoni, akafika saa sita mchana. Baba alikuwa amekwisha ondoka saa nne na robo. Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, na bombardino moja lenye kibonyeo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia masomo yake ya kupumua, Padre kwa sala, majirani mliosaga mahindi na kupika maharage kwa siku hizi mbili, wanabendi wote wa hapa na wa vijiji jirani, wenzake wa kiwanda cha mikate walioleta mkate kutoka mbali, na vijana sita mtakaombeba.

Familia imeamua kwamba wimbo wa kizingiti nitaupiga mimi. Jana mazoezini sauti ilinikatikia mara tatu hatua ya kumi na saba, kwa sababu nilitaka kuupiga kwa pumzi moja, kama mlivyoamini kwamba yeye aliupiga, na Don Gaudencio aliweka chombo chini akaniambia, “Binti, hicho ndicho kiburi cha baba yako, na yeye alikuwa na mapafu.” Kwa hiyo leo, hatua ya kumi na tatu, nitapumua, nanyi mtaniona nikipumua, na sauti mtakayoisikia wakati huo, msiitafute kwangu. Wabebaji, msisimame.

Baba, Jumapili uliniuliza swali, nami nikakujibu nusu. Amefika, amekaa kwenye kiti chake, ameshalipasha moto bombardino lake. Pumzika kwa amani, Baba, yule mtu yupo.